Uzi: Mvua kubwa, mafuriko na shimo la majitaka. Kabla hujaita gari la kuvuta, pitia hapa

#1 MvuaYaKwanza

Wakuu, nauandika uzi huu harufu ikiwa bado puani. Dhoruba imetupiga siku tatu mfululizo. Siku ya pili choo cha chini kikaanza kukoroma: ukivuta, maji yanapanda kwanza, yanasita, ndipo yanashuka shingo upande. Jioni, bafuni maji yakawa yanachomoza kwenye tundu la sakafu badala ya kuingia. Nikasema shimo limejaa. Nani asingesema hivyo?

Nikaita gari la majitaka. Jamaa wakaja na mvua inawanyeshea, wakavuta mpaka nikaiona sakafu ya tangi kwa tochi. Nikalipa, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Asubuhi nafunua mfuniko: limejaa tena, limepita usawa wa bomba la kutokea. Tena hayakuwa majitaka. Maji ya baridi, karibu meupe, yenye mchanga mwembamba. Nyumba nzima tuko wanne. Lita elfu nne kwa usiku mmoja hatuzifikishi hata tungeoga kwa zamu mpaka jua lichomoze.

Nikapiga simu kwa hasira. Dereva akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole: "Mzee, jana hatukuvuta shimo lako. Tulivuta ardhi."

Hapo ndipo nilipokaa chini kujifunza kitu nilichokuwa nakikanyaga kila siku uani. Kumbe tangi halimezi maji. Kazi yake ni kuyatuliza: vizito vinazama vinakuwa tope, mafuta na vyepesi vinaelea vinakuwa utando, na maji ya katikati yanatoka kwenda shimo la pili, lile la kunywea. (Wengine hawana shimo la pili, wana mitaro yenye mabomba ya matundu yaliyofukiwa kwenye kokoto. Mantiki ni ile ile.) Anayemeza ni udongo. Udongo ukishalewa mvua, shimo la kunywea linageuka kisima. Maji ya ardhini yanapanda humo, yanafika kwenye bomba, yanarudi kinyumenyume hadi kwenye tangi, na tangi likijaa yanakuja ndani kukusalimia, yakianzia mahali palipo chini kuliko kote.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: kabla ya mvua tufanye nini, ikiwa juu yetu tufanye nini, na ikishapita tuanzie wapi? Nawasilisha.

#2 Kijiko_Kirefu

Mkuu pole. Ila mimi siku zote nimeambiwa vuta shimo kabla ya mvua kubwa ili liwe na nafasi. Likiwa tupu si litapokea mengi? Hesabu ndogo tu hiyo.

#3 FundiChemba

Kijiko, hesabu yako ingekuwa sahihi kama tangi lingekuwa limekaa juu ya meza. Limekaa ndani ya udongo, na udongo ukijaa maji, tangi tupu ni mtumbwi.

Kuvuta mapema ni jambo jema, lakini neno ni MAPEMA. Fanya wakati ardhi ni kavu, wiki kadhaa kabla ya msimu, kisha liache lijae maji tena mpaka usawa wake wa kawaida. Au lijaze kwa mpira siku hiyo hiyo. Faida unayoitafuta ni kupunguza tope. Nafasi tupu haikusaidii. Tope likiwa jingi, msukosuko wa mafuriko unalikoroga na kulisukuma kwenye shimo la kunywea, na udongo ulioziba kwa tope hausameheki kirahisi. Pima kwa mti mrefu: utando na tope kwa pamoja vikifika theluthi ya kina cha tangi, muda wa kuvuta umefika. Kwa familia ya kawaida huwa ni kila miaka 3 hadi 5.

MvuaYaKwanza, nipe vipimo vya tangi lako, vya nje, na unene wa kuta. Nataka nikuonyeshe kitu.

#4 MvuaYaKwanza

Fundi, la zege. Urefu mita 2.5, upana 1.5, kina 1.8. Kuta, sakafu na kifuniko vyote sentimita 15, kwa mujibu wa aliyelijenga.

#5 FundiChemba

Haya, twende taratibu.

Nje: 2.5 × 1.5 × 1.8 = mita za ujazo 6.75. Likizama kwenye maji ya ardhini, yanalisukuma juu kwa uzito wa maji liliyoyahamisha, yaani kilo 6,750.

Ndani: 2.2 × 1.2 × 1.5 = mita za ujazo 3.96. Hizo ndizo lita zako elfu nne. Toa kwenye 6.75, unabaki na zege la mita za ujazo 2.79. Zege ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Uzito wa tangi tupu: takriban kilo 6,700.

Unaona? 6,750 kwenda juu, 6,700 kwenda chini. Usiku ule tangi lako lilikuwa sare. Kilicholishikilia ni udongo kidogo uliopo juu ya kifuniko, pamoja na yale maji uliyoyalaani asubuhi. Yaliingia yakaongeza karibu tani nne za uzito. Yangechelewa kuingia, pengine ungepata jahazi uani.

Na hilo ni la zege. La tofali ni jepesi zaidi, na hata lisipoelea, kuta zake zinasukumwa kutoka nje bila kitu cha kuzikinga ndani. Zinapasuka.

#6 Tangi_Jeusi

Nimesoma #5 nikacheka kwa uchungu. Mimi nililo nalo ni la plastiki, lita 5,000. Siku linaletwa, vijana wanne walilibeba begani wakiimba. Hiyo pekee ingenitosha kujua.

Msimu uliopita nilifanya kama Kijiko: siku moja kabla ya dhoruba nikalivuta likawa tupu kabisa. Usiku wa pili tukasikia mlio kama mlango wa bati umeng'olewa. Asubuhi tangi limechungulia nje, limeinama upande, limekata bomba la kuingilia na la kutokea, na lile dimbwi lililolizunguka sihitaji kulieleza. Udongo uliokuwa juu yake ulikuwa sentimita 30 hivi, na ulikuwa umegeuka uji. Ulishindwa kumshikilia mtu mzima mwenye nguvu za tani tano.

Nililolifukia upya nimefanya hivi: chini kuna bamba la zege pana kuliko tangi, mikanda isiyoshika kutu imepita juu ya tangi na kufungwa kwenye bamba, na wakati wa kufukia tulikuwa tunalijaza maji huku udongo ukipanda, ili ndani na nje visukumane sawa. Na sasa halikai tupu hata siku moja.

#7 Kijiko_Kirefu

Nimenyamaza. Endeleeni.

#8 NyumbaBondeni

Sisi wa bondeni tuna ya kusema. Nyumba yetu imekaa chini kuliko majirani wote, kwa hiyo nilifunga vali ya njia moja kwenye bomba linalotoka nyumbani kwenda tangini. Ni kijimlango tu: maji yakitoka kinafunguka, yakitaka kurudi kinajifunga. Iwekwe kwenye chemba unayoweza kuifungua, kwa sababu karatasi au kitambaa kimoja kikinasa hapo mlango hautafunga, na utajua siku mbaya kuliko zote. Mimi naisafisha mawingu yanapoanza kukusanyika.

Sasa sikilizeni kosa letu. Dhoruba ya kwanza baada ya kuifunga, vali ikafanya kazi kama ilivyoahidiwa. Nje maji yamefika magotini, ndani kukavu. Nikajisifu hadharani. Saa mbili baadaye binti yangu akawasha mashine ya kufulia.

Vali ikiwa imefungwa, hakuna kinachoingia NA hakuna kinachotoka. Maji yote ya mashine yakateremka mpaka kwenye vali, yakagonga mlango, yakarudi yakatokea bafuni. Tulijifurika wenyewe kwa maji yetu safi na sabuni yake! Aliyeniuzia hakunitajia hilo, na mimi sikulifikiria. Tangu siku hiyo, mvua ikizidi, mashine inachomolewa kwenye umeme na bomba lake linafungwa. Maji ya kuosha vyombo tunamwaga nje kwenye ndoo.

#9 Pazia_la_Bluu

@NyumbaBondeni, wengine hatuna vali. Mimi niliziba tundu la bafuni kwa matambara nikaweka tofali juu. Maji yakatokea kwenye choo. Nikafunika choo, yakaibukia kwenye tundu la jikoni la nje. Nilikuwa nakimbizana na maji kama mtu anayefukuza kuku.

#10 FundiChemba

Pazia, maji hayana haraka, yanatafuta mlango wa chini unaofuata. Ukiziba kimoja lazima ujue cha pili ni kipi. Na tofali halitoshi: bomba la milimita 100, maji yakisimama mita 1 juu ya usawa wa kizibo, kizibo kinasukumwa na karibu kilo 8. Mita mbili, mara mbili yake. Kuna vizibo vya mpira vinavyopanuliwa kwa skrubu au kwa upepo ndani ya bomba. Hivyo ndivyo vya kuweka akiba. Ila ukiviweka, fahamu umefunga nyumba, kama alivyoeleza Bondeni. Andika karatasi ubandike mlangoni mwa choo, maana usiku wa manane kuna atakayesahau.

Wenye pampu kwenye mfumo wao, wale ambao majitaka yanapandishwa kwenda mitaro iliyo juu: zima umeme wake kwenye swichi kuu kabla maji hayajafika kwenye kisanduku chake. Maji yakishafika, usiende kuzima ukiwa umesimama ndani ya maji. Na mvua ikipita usiiwashe mpaka fundi umeme aikague na waya zake. Pampu iliyomeza matope ikiwashwa tu inaweza kuungua.

#11 Mkia_wa_Mvua

Mnahangaika bure. Huku kwetu mvua ikiwa kubwa watu wanatoboa pembeni ya shimo wanatapisha, mafuriko yanabeba, kesho shimo jeupe. Nani atajua?

#12 AfyaKwanza

Atajua anayekunywa maji ya kisima kilicho chini yako, na mara nyingi ni wewe mwenyewe. Nimefanya kazi za afya ya mazingira miaka mingi, na baada ya kila mafuriko wagonjwa wanaoletwa ni wale wale: kuhara, homa ya matumbo, homa ya ini aina ya A, na pale vimelea vyake vilipo, kipindupindu. Wanaotangulia ni watoto, kwa sababu ndio wanaocheza kwenye madimbwi.

Halafu hata kwa mtu asiyejali jirani, tundu ni tundu. Likitoa nje, linaingiza ndani pia. Mafuriko yana mchanga na tope laini, yakishaingia kwenye mfumo wako yanatulia humo humo. Utakuwa umemwaga majitaka ya mwezi mmoja na kupokea udongo wa miaka kumi.

Niongeze mambo ambayo naona hayajaguswa.

Usiingie ndani ya tangi au shimo, hata likiwa tupu, hata kwa dakika moja, hata kuokota simu. Humo kuna hewa chafu zinazozalishwa na uozo. Moja ni ile yenye harufu ya yai bovu, na ubaya wake ni kwamba ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa. Mtu anadhani harufu imeisha, kumbe anayekwisha ni yeye. Mwingine anaruka kumwokoa, naye anabaki. Nyingine ni methani, inawaka. Ukifunua chemba usichungulie na kiberiti wala sigara. Na mfuniko uliochukuliwa na maji ni mtego: dimbwi linafunika tundu na mtoto haoni kitu. Kabla ya mvua, weka nguzo au kigingi kirefu kwenye kila chemba ili mahali pake pajulikane hata pakifunikwa.

Kisima kilichofikiwa na mafuriko kihesabiwe kuwa kichafu mpaka maji yapimwe. Kwa sasa chemsha. Yakishatokota kweli kweli, dakika 1 inatosha, na wanaoishi juu ya mita 2,000 wape dakika 3. Kuchemsha kunaua vimelea, hakuondoi mafuta ya gari wala dawa za shambani, kwa hiyo maji yenye harufu ya mafuta usiyanywe kabisa.

Ndani ya nyumba majitaka yakiingia: glavu za mpira, mabuti, madirisha wazi. Ondoa tope, osha kwa sabuni, KISHA dawa ya klorini ya maji, ile ya kufulia nyumbani, kikombe kimoja (mililita 240) kwenye ndoo ya maji karibu lita 20. Klorini juu ya tope haifanyi kazi, inaishia kwenye tope. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi, hasa yenye amonia au asidi. Magodoro na mazulia yaliyolowa majitaka, najua inauma, yatupwe.

#13 Mkia_wa_Mvua

Dada Afya, nimekuelewa. Nilikuwa naeleza yanayofanyika, sikusema nafanya mimi.

#14 Pazia_la_Bluu

😂 Haya, mkuu. Hakuna aliyekuuliza.

#15 Mzee_wa_Koleo

Wanangu, mnazungumza vali na vizibo, vyote vizuri. Mimi naanzia juu ya paa.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 ikipigwa na mvua ya milimita 60 usiku mmoja, paa hilo linateremsha lita 7,200. Familia ya watu watano wanaotumia lita 100 kila mmoja kwa siku wanapeleka shimoni lita 500. Kwa hiyo kama gata lako linamwaga karibu na shimo la kunywea, usiku mmoja umeliletea maji ya wiki mbili. Na nimewahi kukuta nyumba ambayo aliyeijenga aliunganisha mabomba ya gata moja kwa moja kwenye chemba ya choo, eti kuokoa bomba! Mwenye nyumba kila msimu analaumu shimo.

Basi nenda uani mvua ikiwa inanyesha, na mwavuli wako, uangalie maji yanakotoka na yanakokwenda. Nusu saa hiyo inafundisha kuliko ukurasa wowote. Mimi nilifanya hivyo nikakuta maji ya jirani wa juu yanapita katikati ya mitaro yangu ya kunywea. Nikachimba mfereji mpana usio na kina, kama bakuli refu, upande wa juu, ukayapindisha kando mpaka kwenye mkondo wake wa asili (usimpelekee wa chini yako, utaanzisha vita). Udongo niliochimba nikauweka juu ya mitaro ya kunywea kidogo tu, ukatuna kama mgongo wa samaki, ili mvua iteleze isituame. Kidogo, nasema. Ukirundika udongo mzito unaizibia pumzi. Juu yake nyasi basi. Hakuna kigae, hakuna banda, hakuna mti wenye mizizi inayosaka maji, na gari lisikanyage hapo, hasa udongo ukiwa mbichi. Tairi likipita mara moja kwenye udongo uliolowa, vile vitundu vya kupitishia maji vinasagika na havirudi.

Mifuniko nayo. Shingo za chemba zangu nilizipandisha mpaka juu ya alama ya mafuriko ya juu kabisa niliyowahi kuyaona ukutani, nikaweka mifuniko yenye mpira na boliti. Ufa mdogo wa kwenye mfuniko, maji yakisimama juu yake usiku kucha, ni bomba lililoachwa wazi.

Jambo la mwisho, rahisi kuliko yote. Pembeni ya shimo la kunywea nimesimika bomba jembamba lenye matundu, kina mita moja na nusu, na kifuniko juu. Nikitaka kujua ardhi imeshiba kiasi gani natumbukiza kijiti kikavu, nakitoa, naangalia kimelowa kutoka wapi. Sihitaji kubahatisha kama ni shimo au ni ardhi.

#16 MvuaYaKwanza

Shikamoo Mzee. Hilo la kijiti limenimaliza. Nimetumia fedha ya gari zima kujua kitu ambacho kijiti kingeniambia.

Nimetoka na mwavuli kama ulivyosema. Gata la nyuma linamwaga hatua tatu kutoka shimo la kunywea. Hatua tatu! Nimekaa hapa miaka sita.

#17 Tangi_Jeusi

Swali kwa Fundi: mvua ikishapita, nitajuaje kuwa sasa naweza kutumia choo kawaida? Na zile dawa za unga za kumwaga shimoni kuamsha wadudu baada ya mafuriko, zina maana?

#18 FundiChemba

Naanza na dawa: hapana. Wadudu wanaokula uchafu wanaingia wenyewe kila mnapotumia choo, bila kulipiwa nauli. Tatizo la baada ya mafuriko ni maji na mchanga, na hakuna unga unaokula mchanga. Ila msiwaue kwa kumwaga ndoo nzima za klorini chooni mkidhani mnasafisha shimo. Klorini ya sakafu iishie sakafuni.

Kuhusu lini: fuata kijiti cha Mzee. Maji ya ardhini yakiwa bado juu ya usawa wa mitaro au wa bomba linaloingia shimo la kunywea, mfumo hauna pa kupeleka. Hata choo kikivuta leo, umekopa. Yakishuka chini ya hapo, anza pole pole: choo kwanza, kuoga kwa ndoo, kufua mwisho kabisa na si nguo zote siku moja.

Ardhi ikishakauka ndipo sasa unaliita gari, ukiwa na sababu ya kuliita. Tumbukiza mti kwenye tangi. Ukigusa mchanga mgumu ambao haukuwepo, mafuriko yaliingia, na huo lazima utolewe. Usijaribu kuukoroga kwa maji ya mpira utoke, utaupeleka kwenye shimo la kunywea. Mwambie mvutaji atoe mchanga tangini na kwenye chemba ya pampu kama unayo. Likiwa tupu, achungulie kwa tochi kutoka juu: kuta zimepasuka? Zile tii za bomba (viungo vyenye umbo la herufi T), ya kuingilia na ya kutokea, bado zimesimama? Tii ya kutokea ikidondoka, utando wa mafuta unapita moja kwa moja. Kisha lijaze maji. Usiliache tupu ukaenda kulala, si mmesoma #6.

Kuna mtu aliniuliza faragha: itakuwaje kama maji yanakuja ndani na hakuna namna? Basi punguza, usizidi nusu ya tangi, upate nafasi ya kuvutia pumzi siku moja. Likijaa tena usiku ule ule, acha, unavuta ardhi. Usichimbue chochote kuzunguka mitaro wakati bado ni tope.

Na mkiona wiki kadhaa zimepita, ardhi ni kavu, lakini sinki bado zinasuasua na nyasi juu ya mitaro zimekuwa za kijani kuliko kwingine kote, hapo udongo wa kunywea umeziba. Hiyo ni kazi nyingine, nitafungua uzi wake.

#19 Kijiko_Kirefu

Na siku ambazo choo hakitumiki kabisa mnafanyaje? Naona kila mtu anaruka hilo kwa aibu.

#20 NyumbaBondeni

Aibu ya nini, sisi tulikaa siku tano. Ndoo mbili zenye vifuniko, moja ya haja ndogo, nyingine ya haja kubwa. Usizichanganye, harufu inatokana na kuchanganya. Ile ya haja kubwa ina mfuko mgumu ndani, na kila anayemaliza anafunika kwa majivu au vumbi la mbao kikombe kizima. Pembeni maji ya kunawa na sabuni. Ndoo ikae mbali na mtoto mdogo na mbali na jiko. Siku ya kwanza kila mtu ananuna, siku ya tatu mnacheka.

#21 AfyaKwanza

Na mfuko huo usitupwe kwenye maji ya mafuriko, tafadhali. Funga mara mbili, uhifadhi mahali pa juu mpaka utaratibu wa taka urudi.

#22 MvuaYaKwanza

Mrejesho, wakuu. Siku ya tisa tangu mvua ikatike.

Gata nimelihamishia upande wa pili kwa bomba refu, linamwaga mtaroni. Bomba la Mzee nimelisimika. Siku ya kwanza kijiti kilitoka kimelowa mpaka sentimita 20 kutoka usawa wa ardhi. Juzi 45. Bomba langu la kunywea liko sentimita 60, kwa hiyo nyumbani tuliendelea na ndoo na manung'uniko.

Mfuniko wa chemba ya pili nao nilikuta una ufa ambao nilikuwa nauona kila siku nikidhani ni alama ya koleo. Nimeagiza mwingine.

Dereva wa gari nilimpigia tena, safari hii kumwomba radhi. Akaniuliza ardhi ikoje. Nikamwambia namba. Akasema niite ikifika mita moja.

Leo asubuhi kijiti kimetoka kikavu hadi 70. Choo tumeanza kukitumia. Mashine ya kufulia bado nimeichomoa, na karatasi ya Fundi iko mlangoni.